Baba Mkwe Anapita

"Shuka basi, unibebee kikapu."

"Baby, acha mimi nibaki na gari. Uyole hapa wezi ni wengi."

"Milango si inafungwa?"

"Inafungwa. Kioo je? Wakivunja kioo?"

Dume zima, mabega yamejaa mlango, linaogopa kuvunjiwa kioo mchana kweupe! Kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, miwani myeusi, kiti kakilaza kama mgonjwa. Mimi mjinga nikadhani kachoka kuendesha kutoka Iringa. Nikamwachia chupa ya maji na khanga yangu moja ya kujikinga jua. Mtu anajificha, na mimi namsaidia kujifunika.

Huyo ndiye Jailos Mwasomola, fundi wa minara ya simu, mchumba wangu. Mimi ni Rozalia, mtoto wa Kalenga, nashona nguo Iringa mjini. Kesho yake Jumapili parokia yetu ilikuwa isome tangazo la mwisho la ndoa yetu, lile linalomtaka mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Siku hiyo alikuwa ananipeleka Mbeya nikaione nyumba aliyotupangia. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba chakula cha kwanza ndani ya nyumba ile nakipika mimi, kwa vitu nilivyochagua sokoni kwa mkono wangu. Yeye alitaka tununue chipsi kuku.

Kwao nilikuwa sijafika hata siku moja. Si kwamba sikuuliza.

"Rozi, sisi Wanyakyusa tuna heshima zetu," alikuwa akiniambia kwa sauti ya mhubiri. "Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamsalimii, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anajificha. Nikikupeleka nyumbani nitakuwa nimemvunjia mzee heshima."

"Hata kabla ya ndoa?"

"Ukishakuwa mchumba umeshakuwa mke."

Mama yangu aliposikia akafurahi, akasema huo ndio ustaarabu. Na posa ililetwa na mjomba mmoja mwenye suti kubwa kuliko mwili wake, ambaye tangu siku ile hakupokea simu ya mtu. Hayo yote niliyaona, nikayameza, nikasema naolewa kwenye ukoo wenye adabu.

Nikaingia sokoni peke yangu. Nikachukua nyanya, kitunguu, maharage mabichi na parachichi. Upande wa ndizi nikamkuta dada mmoja mnene kidogo, ana meno meupe, amekaa katikati ya mikungu.

"Karibu dada. Ndizi za Tukuyu hizi, zimekatwa jana."

"Nataka za kupika mbalaga, zile ndizi zenu za maharage."

"We si wa hapa. Unatoka wapi?"

"Iringa. Mimi Mhehe."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mhehe na mbalaga! Kuna Mnyakyusa amekukamata wewe."

"Yupo kwenye gari, analinda kioo."

"Wanaume hawa! Haya sikiliza nikufundishe, usije ukatuaibisha. Paka mafuta mikononi kabla hujamenya, utomvu usikugande. Maharage yatangulie, yakikaribia kuiva ndio ndizi ziingie. Halafu usikoroge! Mwiko ukizidi unampa mtu uji."

"Jina lako nani, mwalimu wangu?"

"Tupoki. Hapa wananiita mama Lugano."

Nikampenda papo hapo. Alikuwa anachambua ndizi ananiwekea nzurinzuri, mara uso ukambadilika. Akavuta kitenge chake, akajifunika kichwa chote, akajitupa chini nyuma ya mikungu.

"Dada, nikinge!"

"Nini? Mgambo?"

"Baba mkwe anapita."

Wasomaji wangu, mnajua nilifanya nini? Nilifurahi! Kumbe Jailos wangu hajanidanganya, desturi ipo kweli, naiona kwa macho yangu! Nikatandaza mikono na khanga yangu mbele ya yule dada, nimesimama pale natabasamu kama mpambe wa bibi harusi.

Mzee alikuwa na koti, kofia na fimbo. Naye alipotambua kuna nini nyuma ya zile ndizi, akasimama mbali, akatugeuzia mgongo kwa heshima, akamsemesha mama wa nyanya wa jirani.

"Lusia, mwambie mama Lugano, mume wake amenipigia simu. Yuko Tunduma, mnara umeharibika. Kesho hatafika."

Lusia akageuka. "Mama Lugano, umesikia? Jailos yuko Tunduma."

"Nimesikia," sauti ikatoka chini ya kitenge. "Mwambie baba, ndaga, asante."

Tabasamu likanikauka mdomoni. Nikachuchumaa.

"Tupoki, mume wako ni Jailos nani?"

"Mwasomola. Unamjua?"

Simu yangu ikalia. Ujumbe.

"Baby fanya haraka, jua kali huku, nakupenda."

Nikamgeuzia kioo cha simu, na picha ya Jailos ile anayochekea juu ya mnara. Tupoki akaitazama kupitia upenyo wa kitenge. Akaitazama sana.

"Hiyo namba aliniambia imeibiwa," akasema.

"Kesho tunasomwa kanisani kwetu mara ya mwisho."

"Mimi nina watoto wake wawili."

"Mungu wangu. Sikujua, dada. Sikujua kabisa."

"Najua hukujua. Mwizi wa mume hawezi kunikinga nijifiche." Kisha akafuta macho kwa pindo la kitenge, na nilipoyaona yale machozi moyo wangu ukauma, halafu ukakasirika. "Yuko wapi huyo mbwa?"

"Kwenye gari jeupe, hapo nje."

"Mimi siwezi kutoka, mzee amesimama."

"Wewe kaa. Mimi natoka."

Nikaandika: "Kikapu kizito. Njoo upande wa ndizi."

Akajibu: "Siwezi baby, tumbo linaniuma ghafla."

Tumbo! Mtu anapanda minara ya mawingu, lakini soko la ndizi linamuumiza tumbo.

Nikamwambia yule mama wa nyanya kwa sauti ya kusikika, "Mama, hebu mwambie mzee kwamba Tunduma iko hapo nje, kwenye gari jeupe."

Mzee hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alitangulia na fimbo yake, mimi nyuma, na nusu ya soko nyuma yangu. Jailos kutuona, akawasha gari. Akarudi nyuma, lori la viazi. Akasogea mbele, mkokoteni wa kabichi. Akazima. Mzee akagonga kioo kwa fimbo, kile kioo kilichokuwa kinalindwa muda wote ule.

"Shuka."

Akashuka. Khanga yangu bado iko begani kwake.

"Tunduma imehamia hapa lini?"

"Baba, nitaeleza. Hii... hii ni ishu ya kazini tu."

"Na huyu binti ni wa kazini?"

Ndipo Jailos aliponiona nimesimama hatua chache kutoka kwa baba yake. Na katika aibu yote ile, mbele ya watu wote wale, jamaa bado akajaribu.

"Rozi! Rudi nyuma! Nilikwambia huruhusiwi kumwona baba! Jifunike!"

Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau yule sekunde ile. Hata hasira iliniisha, ikabaki dharau tupu. Nikapita mbele yake kama ninavyopita kwenye kopo, nikamwendea mzee, nikapiga goti kidogo, nikampa mkono. Nikamtazama machoni.

"Shikamoo baba."

Mzee akaujua ule mkono maana yake. Akaupokea kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako?"

"Rozalia, wa Kalenga. Mkamwana wako amejificha kule kwenye ndizi, anakuheshimu. Mimi nakutazama, kwa sababu kwako mimi ni mgeni tu."

Watu wakaguna. Jailos akanishika mkono.

"Rozi, usifanye hivyo. Nakupenda wewe. Yule ni wa kijijini, nilioa tu kwa sababu ya wazee."

"Wazee ndio waliokuzalia watoto wawili?"

"Tuongee pembeni, mpenzi."

"Nipe khanga yangu."

"Rozi..."

"Khanga."

Akaivua akanipa. Kisha nikavua pete yake ya uchumba kidoleni, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe, maana mkononi mwake sikutaka kugusa. Baba yake akamwonyesha ukingo wa barabara kwa fimbo.

"Kaa hapo. Usiondoke mpaka niseme. Leo jioni wazee watakusikia, na mkeo, mwanamke wa watu, atasikilizwa kwanza."

Dume likakaa. Kwenye vumbi.

Niliporudi ndani, Tupoki alikuwa ameketi wima, kitenge begani, macho mekundu.

"Umemwacha?"

"Nimemwacha. Na wewe?"

"Mimi nitasema kwa wazee. Sijui nitasema nini. Nimeuza ndizi miaka yote hii namsubiri." Akavuta pumzi, akaangalia kikapu changu. "Na mbalaga yako utampikia nani sasa?"

"Sina jiko huku, dada. Nyumba aliyonipangia siendi hata kuiona."

"Lusia, tuazime jiko lako."

Tukapika hapo hapo, nyuma ya meza za nyanya. Nilipaka mafuta mikononi kama alivyonifundisha. Yeye aliweka maharage, mimi nikamenya. Nilipoinua mwiko akanipiga kofi dogo mkononi, nikacheka huku machozi yananitoka, naye akanitolea leso. Harufu ikaita majirani.

Mzee alikaa kwenye benchi mbali, ametugeuzia mgongo. Tupoki hawezi kumpelekea, kwa hiyo nikampelekea mimi. Akaonja, akatafuna taratibu.

"Nimekosa mkwe," akasema.

"Unaye mmoja, baba. Mtunze."

Simu ikalia tena. "Rozi nisamehe. Kila kitu kitakuwa sawa. Hata sijala tangu asubuhi." Nikamsomea Tupoki. Akatikisa kichwa, akajiongezea parachichi. Nikaifunga ile namba, nikampigia mama.

"Mama, nenda kwa katekista sasa hivi. Tangazo la kesho lisisomwe."

"Yesu na Maria! Kuna nini?"

"Kizuizi kimejitokeza."

"Kizuizi gani, mwanangu?"

"Mke wake, mama. Hapa tunakula naye."