Usiitikie Mwito wa Kwanza

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kuwajazia nyani maji, kufunga vizimba, kisha nirudi zangu Jomvu Kuu. Ndoo mkononi, hasira kifuani. Tangu tumzike Kitsao sikuwa na siku niliyoingia kituoni pale bila kutamani kuvunja kitu.

Kitsao alikuwa mwenzangu wa kazi. Miaka ile ya mwisho ya serikali ya Wazungu tuliajiriwa pamoja katika kituo cha utafiti nje ya Frere Town, kuwalisha nyani na kuwashika Daktari anapowadunga sindano zake. Dume moja likamng'ata mkono. Daktari akamfungia chumbani, akasema nyani kamwambukiza ugonjwa wa hatari, asiingie mtu. Mkewe, Dorcas, alishinda langoni akilia. Hakufunguliwa. Alichopewa mwishowe ni jeneza lililokwisha kupigwa misumari. Hatukumwosha maiti wetu, hatukumwona hata uso.

Nililibeba upande wa kichwani. Lilikuwa jepesi mno.

Nilimwuliza Daktari kulikoni. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Wewe osha vizimba." Mtu amekufia mikononi mwake, na jibu ndilo hilo!

Baada ya mazishi, Dorcas akaanza kuitwa. Kila magharibi, sauti ya mumewe, jina lake, mara moja tu. Kwetu pwani mtoto hufundishwa adabu mbili mapema. Akiitwa na mtu, aitike upesi. Lakini akiitwa magharibi, anyamaze mpaka aitwe tena, kwa maana shetani huita mara moja, na anayemwitikia humfuata.

Basi nikaingia na ndoo yangu. Nyani saa zile hupiga kelele za kukuziba masikio. Jioni ile... kimya. Wote walikuwa wamejibana upande mmoja wa vizimba, migongo kwenye waya, mbali na chumba cha Daktari.

Mlango wa nyuma ukakwaruzwa.

"Shemeji." Alikuwa Dorcas. "Ameniita tena. Sauti imetoka humu."

"Hukuitika?"

"Nimeuma kanga nisiitike."

"Alhamdulillahi. Rudi nyumbani, shemeji."

"Sirudi. Nimezika nusu ya mume. Nataka nusu iliyobaki."

Daktari alikuwa amekwenda klabuni kunywa, na ufunguo wa chumba chake nilikuwa nao mimi, mfagizi wake. Nikafungua.

Harufu ya ile dawa ya kuhifadhia nyama ikatupiga puani. Rafu zilipanda hadi darini, zimejaa chupa kubwa za kioo, na ndani ya kila chupa kipande cha nyama nyeupe kinaelea. Nilikuwa nikizipangusa kila siku. Daktari alisema ni za nyani.

"Yuko ipi?" Dorcas akaninong'oneza.

"Sijui. Zote naziona sawa."

Nikainua taa ya mkono, nikamulika rafu moja baada ya nyingine.

"Dorcas..."

Sauti ya Kitsao. Ya mtu mwenye baridi kooni. Ilitoka rafuni, lakini wapi hasa, wallahi sikujua.

Nikamziba mdomo. "Usiitike! Ukiitika umekwenda!"

Akauondoa mkono wangu polepole. "Nisipoitika nitamjuaje, shemeji? Nimwache humu?"

Akageukia rafu.

"Abee, mume wangu."

Chupa moja ikatoa mapovu.

Aliichukua akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nami nikadhani yamekwisha. Nikanyoosha mkono nifunge mlango...

"Florence..."

Nikageuza taa.

"Jael..."

"Mama Gona..."

"Dada Mwanarehema... mimi Ishaka..."

Sauti za wanaume, rafu baada ya rafu, kila mmoja akimwita wa kwao mara moja na kunyamaza. Nyani gani mwenye dada Mwanarehema? Kwa muda wote ule nilikuwa nikipangusa vumbi juu ya watu! Damu ilinichemka hata macho yakaona giza. Nilitaka kuzibeba zote. Nilikuwa nimeshika ya kwanza pale taa za gari la Daktari zilipomulika langoni. Dorcas akanivuta kanzu, tukatokea mlango wa nyuma tukiwa na chupa moja tu.

Tulilifukua kaburi la Kitsao kwa jembe la kuazima, tukamrudishia kilicho chake, Dorcas akamwombea kwa dini yao. Alikataa kuondoka. Alfajiri nilimkuta amelala juu ya udongo, mwili umeshapoa, uso umetulia.

Hospitalini walisema ni moyo. Moyo gani? Aliyemwua Dorcas namjua, na hakuna mahakama iliyomwita.

Nilirudi kituoni na panga. Chumba kitupu, rafu zimeoshwa. Bawabu akaniambia makasha yamepelekwa bandarini pamoja na nyani, yakapakiwe melini. Daktari naye kapanda meli hiyohiyo. Mimi nilibaki na panga langu na yale majina.

Nikaanza kuuliza mitaani. Magogoni ndiko nilikoonyeshwa nyumba ya Mwanarehema, mwanamke wa makamo aliyekuwa amemlea mdogo wake, Ishaka. Ishaka aliondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi kwa Mzungu wa nyani, habari zake zikaishia hapo. Nilifika jua linatua.

"Hodi! Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kwa habari ya Ishaka..."

"Huniita," akanikata. Hakushtuka hata kidogo. "Kila magharibi, mara moja. Nami huziba masikio, nikasoma Ayatul Kursiyyu."

"Endelea hivyohivyo, dada yangu. Nakuomba."

"Mwanzo aliita kutoka Frere Town. Halafu ikawa upande wa bandarini." Akaelekeza kidevu kwenye bahari. "Sasa hivi, kabla hujabisha, ameniita kutoka mbali, sauti ndogo kabisa. Kesho sitamsikia. Nilimlea mimi yule, nimnyamazie mpaka apotee?"

Kabla sijafumbua mdomo alikwisha simama kizingitini.

"Abee, Ishaka! Abee, mdogo wangu!"

Tukasikiliza. Mimi sikusikia kitu ila upepo kwenye makuti. Yeye aliinamisha kichwa, akatikisa kama mtu anayekubali maagizo, akaingia ndani na kutoka amevaa buibui.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Hukusikia? Amesema nije."

Nilimfuata mbio katikati ya minazi, nikimlaani Daktari kwa sauti yangu yote, yeye na waliomtuma, hata majirani wakatoka na taa. Wakakimbia pamoja nami. Tulipofika ufuoni tulilikuta buibui tu, limekunjwa vizuri juu ya mchanga.