Bobini ya Marehemu

Walikutana sokoni kwenye vyuma chakavu, watu wamejaa tele, wote wawili wameshika gurudumu moja la cherehani kuukuu. Fundi cherehani, mwanamke wa ovaroli ya buluu na kilemba cha manjano, hakuliachia. Mpulizaji vioo, ambaye wenzake walimwita Mapafu, akamweleza kwamba anataka kulipima tu: ameagizwa sanamu ya cherehani, yote kioo, ndefu kama nyumba, na hajui cherehani inavyofungwa.

"Gurudumu haliendi bila mimi," fundi akasema.

Basi akaenda nalo. Miezi saba Mapafu alipuliza bomba, fundi akalizungusha, kila mara kuelekea upande wa kulia, utani haukatiki. Siku moja Mapafu akamtegea kitendawili: naingia nyumba isiyo na mlango, sitoki tena. Fundi akacheka, akajibu kuwa ni pumzi yake ndani ya kioo. Kila jioni wakapigiana simu kuulizana kama wamekula, wakiitana roho yangu, mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi ya kufunga vipande vya mwisho, fundi aliona bobini, kile kidude cha kuzungushia uzi, hapa kubwa kama mtungi, ina ukungu. Akaifuta. Ukungu ulikuwa kwa ndani, ukija na kupotea kama kifua cha aliyelala. Akachungulia mistari ya kioo: ilizunguka kushoto.

"Hii hatukuifanya sisi."

Mapafu akakiri. Marehemu mkewe alikuwa mashoto. Aliipuliza wiki ile aliyofariki, ikiwa mtungi tu; Mapafu akaigeuza bobini.

"Kumbe umeniweka ukewenza, na mimi sina habari." Fundi akavua glavu, akaondoka.

Siku nne hakupokea simu. Siku ya tano ikaingia simu kutoka namba ya karakana ya Mapafu. Akapokea, akasikia mwanamke anapumua, basi. Alipofika mbio, Mapafu ndiyo kwanza anafungua kufuli la nje.

Alipomsimulia, Mapafu akachukua nyundo.

"Nikiivunja, utakubali nikuoe?"

Fundi akamshika mkono. "Ukiivunja atatoka. Akitoka, ataingia wapi?"

Mapafu akaishusha nyundo. Fundi akainama, akaigonga bobini kwa ukucha, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

"Dada, nimekuja kukuomba mume."

Ukungu ukasogea upande wake, ukatulia. Fundi akabandika sikio kwenye kioo, akasikiliza, uso ukampauka.

"Anasemaje?" Mapafu akanong'ona.

"Amekubali. Ila chumbani kwetu tusifunge mlango."