Vitambaa Vyekundu Msituni

Mshonaji alikanyaga cherehani, lakini moyo haukuwa kwenye kazi. Alishona mkono wa gauni upande usio wake. Akafumua, akakosea tena.

Msitu wa nyuma ya nyumba aliachiwa na marehemu mumewe. Miti ilisongamana, mingine imeanza kukauka. Asubuhi hiyo alifunga vitambaa vyekundu kwenye miti ya kukata. Kufika mchana, kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Kata yote, shemeji," alisema mdogo wa mumewe. "Miti iliyosimama haisomeshi watoto."

Jirani yake mfinyanzi alikuja juu. Yeye aliishi chini ya msitu, karibu na chemchemi.

"Ukikata, maji yatakauka. Nitafinyanga kwa mate? Usiguse hata tawi. Ukileta msumeno, nitalala njiani."

Mshonaji aliogopa. Yeye na mfinyanzi waliombana chumvi tangu ujana wao. Akimridhisha shemeji, anampoteza jirani. Akikaa kimya, msitu unakufa ukiwa umesimama.

Mwishowe alimwita afisa misitu, binti mpole mwenye buti kubwa. Wote wanne wakaingia msituni.

"Mama, nani alichagua miti hii?" afisa aliuliza.

"Mimi. Nimechagua minene, iliyonyooka. Mnunuzi hataki kibovu."

"Hapo ndipo ulipoteleza. Hii ndiyo mama wa mbegu. Ukiikata, utabaki na iliyopinda, nayo itazaa iliyopinda."

"Nilisema asiguse," mfinyanzi akadakia.

"Nakuheshimu, mama, lakini hapo sikubaliani nawe," afisa alisema. "Miti hii imebanana. Inagombania maji na mwanga, ndiyo maana inakauka. Moto ukipata miti mikavu, hautauliza msitu ni wa nani."

Mfinyanzi akainua macho kutazama matawi makavu.

"Omba kibali kwanza," afisa alimwambia mshonaji. "Kisha punguza. Toa iliyopinda, yenye ugonjwa na iliyobanwa. Mizuri iache ikue. Kandokando ya chemchemi, msumeno usifike kabisa."

Walivihamisha vitambaa pamoja. Mfinyanzi alivikagua kimoja kimoja, kama mama mkwe jikoni. Shemeji alinung'unika, lakini alisaidia kuvifunga.

Kibali kilipotoka, kazi ikaanza. Kila mti ulipoanguka, mshonaji alijiuliza. Je, kama afisa amekosea? Kiangazi kilipoingia, hakulala vizuri. Kila alfajiri alishuka chemchemini kabla hata ya kunawa uso.

Maji yalikuwepo. Kiangazi kikapita, yakaendelea kutoka. Juu msituni jua lilifika ardhini, na miche michanga ikachipua.

Siku moja mfinyanzi alimkuta mshonaji chemchemini, akaketi karibu naye.

"Ule mteremko wangu umekaa bure," alisema. "Nataka kupanda miti. Afisa wako anapatikana lini?"

"Kesho yupo. Ila jiandae, watu watakusema."

"Nani atanisema? Msemaji mkuu nilikuwa mimi."