Kuhama Bila Kufagia

Anayetaka kucheka na acheke sasa, huko mbele hakuna kicheko.

Atoo, binti wa polisi, alikuwa akiandika programu za kompyuta sebuleni kwao, katika kambi ya polisi ya Naguru. Mchana huo alikuwa na orodha ya chama cha mazishi. Aliiombea nafasi ya majina manane kwenye kumbukumbu ya mashine. La nane lilikuwa la mama yake, Filda. Akaongezeka mtu wa tisa. Atoo akaiamuru mashine ipanue nafasi. Mashine ikanakili majina yote mahali papana zaidi, ikampa anwani mpya, na pale pa zamani ikapaachia yeyote apatakaye. Kwa haraka zake hakuipokea ile anwani. Akaendelea kusoma kwenye ya zamani.

Orodha ikatoka. La nane: FILD.

Jikoni kitu kikaanguka. "Atoo," mama yake akanong'ona, "mkono wangu siusikii."

Akaiendesha tena. FIL. Harufu ya kaburi bichi ikaingia, ikaimeza harufu ya mboga ya malakwang iliyokuwa jikoni, na ndani ya mashine kitu kikaanza kutafuna, taratibu, kama mbwa aliyepata mfupa, na kwa kila mtafuno mama akasahau neno, kisha jingine, mpaka akawa anauliza kwa sauti ya mtoto, "Mimi nani?"

Atoo akamkimbilia jirani, Alanyo, mjane wa sajini na mpunga pepo wa kambi nzima. Akamweleza yote.

"Banange! Na kusoma kote huko?" Alanyo akamkemea kwa sauti ya chini. "Mmehama, nawe unarudi kumwita mama yako kwenye nyumba ambayo jini ameshaingia! Mwite kwenye mpya. Halafu ile ya zamani uifagie. Sisi wa kambi tunahamishwa kila leo, hatuachi hata unywele."

"Kufagia nini tena, mama? Tumeshatoka," Atoo akamjibu, akamvuta hadi sebuleni kwao.

Akaishika anwani mpya. FILDA, herufi zote tano. Harufu ikakatika. Filda akaingia sebuleni, akaketi, akamshika mkono.

"Nimepona, mwanangu."

"Umefagia?" Alanyo akauliza, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Mashine haibebi," Atoo akasema polepole. "Inanakili tu. Kile cha kwanza kinabaki palepale..."

Jikoni mama yake alikuwa anamwita, kwa sauti ileile iliyomlea.

"Atoo, huyo aliyekushika mkono ni nani?"