Almasi ya Rangi ya Chai

Jua lilikuwa kali siku ile pale Usoke. Mektilda alikuwa amekaa mkekani mbele ya bani la kukaushia tumbaku. Alikuwa akichambua majani pamoja na jirani yake, Martha. Majani mazuri waliyaweka huku, yaliyochanika waliyaweka kule. Vidole vyao vilikuwa vimeshika weusi wa tumbaku.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Adelina, mdogo wake Mektilda. Adelina ni fundi cherehani Tabora mjini. Alikuwa ameshuka kwenye basi muda si mrefu, na uso wake ulijaa furaha.

"Shikamoo dada. Shikamoo dada Martha."

"Marahaba. Karibu mkekani."

Adelina hakukaa kwanza. Alinyoosha mkono wa kushoto. "Tazameni! Modest amenivisha pete ya uchumba. Hili jiwe ni almasi."

Martha aliinama akatazama. Pete yenyewe ilikuwa ya fedha. Katikati palikuwa na kikombe kidogo cha dhahabu, na ndani yake jiwe dogo la kahawia. Lilipopigwa na jua lilimetameta.

"Almasi gani hii?" Martha akacheka. "Mimi najua almasi ni nyeupe. Hii ina rangi ya chai isiyo na maziwa!"

"Almasi zina rangi nyingi, dada Martha. Mimi nimeipenda hii."

"Hongera," Mektilda alisema. Neno lilitoka kwa shida.

Roho ilimuuma. Siku ya ndoa yake na Gerson, pete iliyobarikiwa kanisani ilikuwa ya kuazima. Ilikuwa ya mke wa katekista. Baada ya sherehe Mektilda aliivua, akaiosha, akairudisha. Gerson aliahidi kumnunulia yake baada ya mavuno. Mavuno mengi yalipita. Kulikuwa na ada za watoto, kulikuwa na mabati, kulikuwa na mbolea. Kidole cha Mektilda kilibaki kitupu. Na sasa huyu mtoto, aliyembeba mgongoni mwenyewe, anakuja na almasi!

Adelina alipoingia ndani kunywa maji, Mektilda alimsogelea Martha.

"Unaamini ile ni almasi?" alinong'ona. "Modest ni fundi pikipiki, ataipata wapi almasi? Ile ni chupa. Chupa ya bia iliyovunjika, wakaisugua."

"Kweli?"

"Mimi ni dada yake. Nisijue mimi, ajue nani?"

Kusema hivyo kulimpa nafuu. Usiku alilala vizuri.

Lakini Martha hakuwa mtu wa kukaa na neno. Alikwenda Tabora kwenye msiba, akalisimulia huko. Neno likapita mdomo hadi mdomo, likafika kwa Mama Apolinaria, mama yake Modest. Mama huyo ni mjane, na jina la familia yake analilinda kama macho yake.

Siku chache baadaye Adelina alirudi Usoke. Safari hii hakuwa na furaha. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, harusi imesimamishwa."

"Kwa nini?"

"Mama Apolinaria amesikia kwamba pete yangu ni kipande cha chupa. Anasema ama Modest ametapeliwa, ama yeye ndiye anayenidanganya mimi. Anasema hataki kuchekwa kanisani. Na Modest amekasirika, anadhani mimi ndiye niliyelalamika kwa watu." Adelina alijifuta machozi kwa kanga. "Naomba twende wote kwa sonara aliyeitengeneza. Mama Apolinaria naye atakuja. Wewe ndiye mkubwa wangu, sina mwingine."

Mektilda aliona aibu, lakini ndani ya aibu ile kulikuwa na tamaa. Huenda kweli ni chupa! Ikiwa ni chupa, basi hakusema uongo. Alijifunga kitenge chake kizuri, akaenda.

Sonara alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mwanamkuu. Kazi ile alifundishwa na baba yake. Duka lake lilikuwa chumba kidogo karibu na soko la Tabora. Mama Apolinaria alikuwa amekwisha fika. Alikaa na mkoba wake magotini.

Mwanamkuu aliipokea pete, akaisafisha kwa kitambaa laini. Kisha akalipumulia jiwe. Ukungu wa pumzi ulitoweka mara moja.

"Almasi haishiki joto, inalipitisha upesi," alisema. "Lakini pumzi peke yake haitoshi kuwa ushahidi."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza," Mektilda akamkatiza. "Utasema nini zaidi ya kuisifu? Chukua nyundo uipige. Almasi haivunjiki. Ikivunjika tumeshajua."

Adelina alimgeukia dada yake kwa mshangao. Mwanamkuu akaifunika pete kwa kiganja.

"Hapana, dada yangu. Watu wengi wameharibu almasi zao kwa maneno hayo hayo. Almasi ni ngumu kukwaruzika, lakini ikipigwa nyundo inapasuka. Nyundo haimtambui mkweli wala mwongo. Ngoja niwaonyeshe njia ya haki."

Alitoa kifaa kidogo cha kupimia almasi, chenye ncha kama kalamu. Kwanza aliigusisha ncha kwenye kipande cha chupa ya kahawia. Kifaa kilinyamaza. Akaigusisha kwenye jiwe la pete. Taa ziliwaka zote, kikalia.

"Kuna mawe machache ya kutengenezwa yanayoweza kukidanganya kifaa hiki," alisema. "Kwa hiyo natazama na lenzi pia. Mama, njoo uangalie mwenyewe."

Mama Apolinaria aliweka jicho kwenye lenzi. "Naona vidoa vidogo vyeusi."

"Hivyo lilizaliwa navyo huko ardhini. Na kingo zake je?"

"Zimechongoka. Kali."

"Sasa tazama chupa."

"Hii ina mapovu ndani. Kingo zimelika."

"Basi umeona. Na hii hapa ni stakabadhi ya mfanyabiashara wa Mwanza aliyetuuzia. Ana leseni ya madini. Ukinunua jiwe kwa mtu wa njiani asiye na leseni, utapewa chupa kweli, au utajikuta polisi."

Mama Apolinaria alishusha pumzi. "Lakini mwanangu alipata wapi uwezo wa kununua almasi?"

Mwanamkuu akatabasamu. "Hakuwa na uwezo mkubwa, ndiyo maana tulikaa tukapanga. Wanunuzi wengi wanataka almasi nyeupe, safi, kubwa. Hiyo ina bei ya juu. Ya kahawia, tena ndogo na yenye vidoa, hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Lakini siyo kila rangi ni rahisi. Ya waridi au ya buluu inaizidi nyeupe bei mara nyingi. Pete nzima tukaifanya ya fedha. Dhahabu nimeiweka kwenye kikombe tu, na hiyo wachumba hawakuinunua."

"Ilitoka wapi?" Mektilda akauliza.

Adelina ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Ni hereni ya marehemu mama, dada. Ile aliyonipa mimi. Wewe si unayo ya pili?"

Mektilda alikitazama kile kikombe cha dhahabu. Hereni yake ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la vifungo. Miaka yote ile hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kuwa pete.

"Sasa nataka kumjua aliyetangaza habari ya chupa," Mama Apolinaria alisema. "Amemvunjia heshima mwanangu."

Hakuna aliyemtazama Mektilda. Angeweza kunyamaza, akaondoka salama. Alimtazama mdogo wake, macho bado mekundu.

"Ni mimi," alisema. "Mama, naomba radhi. Niliona wivu. Mimi niliolewa kwa pete ya kuazima."

Adelina aliichukua pete yake. Akaivaa, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

"Ungeniambia unataka pete, dada, ningekuleta hapa mimi mwenyewe."

Akaenda zake.

Mektilda alirudi Usoke. Alianzia kwa Martha, kisha akapita kwa kila aliyesikia lile neno, akalikanusha. Alikwenda pia kwa Modest akamwomba msamaha. Haikuwa rahisi. Wengine walimcheka, naye alivumilia. Harusi ikapangwa upya, ndoa ikafungwa. Adelina alimwalika, lakini hawakuzungumza sana.

Baada ya mauzo ya tumbaku, Mektilda alimwonyesha Gerson ile hereni. Gerson aliigeuza kiganjani. "Ahadi yangu imechelewa sana, mke wangu," alisema. Mektilda alimtumia Adelina ujumbe kwamba wanakwenda kwa sonara. Hakutegemea jibu. Lakini walipofika kwa Mwanamkuu, Adelina alikuwa amekaa pale, akiwangoja.

Mwanamkuu alipima kidole cha Mektilda kwa pete zake za kupimia. Alimweleza Mektilda asipime asubuhi vidole vikiwa vya baridi, kwani pete itambana mchana. Kisha akauliza, "Unataka jiwe kubwa?"

Zamani Mektilda angesema, kubwa kuliko la Adelina. "Dogo," alijibu. "Nalima. Lisinase kwenye majani."

"Basi nitalizamisha kwenye fedha, lisichomoze, kisha nilizungushie dhahabu ya hereni yako."

Adelina ndiye aliyemsaidia kuchagua. Walichukua almasi ndogo ya kijivu, yenye vidoa kama pilipili manga. Padri aliibariki pete Jumapili moja baada ya misa, Gerson akamvisha mwenyewe. Nje ya kanisa, Mektilda aligeuza mkono juani, akalitazama jiwe lake.

"Wenye wivu watasema ni changarawe," alisema.

Adelina alicheka. Tangu siku ile dukani hakuwahi kucheka mbele ya dada yake.

"Waache waseme," alijibu, akamshika mkono. "Mmoja wao namfahamu."