Nani Alimwona Mussa?

Efrazia aliamka asubuhi kama kawaida. Aliwasha moto, akabandika chai, kisha akaenda kufungua chumba cha cherehani. Cherehani hiyo haikuwa yake. Ilikuwa mali ya akina mama wote wa kijiji chao cha ujamaa, njia ya kwenda Rangwi. Waliitumia kushonea sare za wanafunzi. Ilikaa kwake kwa sababu chumba chake kilikuwa na kufuli.

Siku hiyo kufuli lilikuwa mahali pake, lakini dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Cherehani haikuwepo.

Efrazia alipiga yowe, na majirani wakaanza kuja. Kwetu milimani mtu akipatwa na jambo, watu huja kumpa pole, na mgeni hapokelewi katika nyumba chafu. Basi Efrazia akafanya kama mama yeyote mwenye adabu. Alifagia chumba upesi. Alifuta matope dirishani kwa kitambaa cha maji. Watu wakaingia, wakashika dirisha, wakashika meza, wakatikisa vichwa. Nyuma ya nyumba tu ndiko hawakufika. Huko kulikuwa na kabichi, na kwa kabichi zake Efrazia hakuwa na mchezo.

Mume wake, Kristofa, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ni mtu mwema, ila ana haraka. Aliwakusanya watu uani.

"Nani ameona kitu?" aliuliza.

Secilia, jirani wa upande wa chini, akajibu, "Mimi alfajiri nilimwona mwanamume amebeba mzigo begani. Alikuwa anateremka mtoni."

"Alikuwa Mussa, siyo?" Kristofa akauliza. Mussa alikuwa kijana wa nyumba ya pili. Juzi tu aliitengeneza cherehani ile ilipokwama.

Secilia akasita. "Huenda."

"Si alivaa kofia?"

"Ndiyo, kofia nafikiri alikuwa nayo."

Mzee Yohane akasema hata yeye alimwona Mussa. Wengine nao wakakumbuka. Kabla chai haijaisha, uwanja mzima ulikuwa umemwona Mussa.

Asubuhi ile ile mgambo walimkuta Mussa akipanda mlima kurudi nyumbani. Wakamfungia katika ofisi ya kijiji.

Mama yake, Mwanaidi, alikuja kwa Efrazia. Walikuwa marafiki. Walisaidiana kulima na kulea, mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo.

"Mama Marta," alisema Mwanaidi, "mwanangu anaambiwa akikiri atasamehewa, asipokiri atakwenda jela. Nawe unaamini ameiba?"

Efrazia aliona aibu sana, kwa sababu aliamini nusu.

Kesho yake akafika Koplo Danieli, mpelelezi kutoka Lushoto.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu Kristofa.

"Marahaba. Kazi yetu imekwisha, koplo. Mwizi tunaye."

"Vizuri. Naomba kwanza nione chumba."

Alikiona. Kilikuwa kinang'aa.

"Mama, nani amefagia?"

"Ni mimi," alisema Efrazia. "Wageni walikuwa wanakuja."

Danieli hakumgombeza. "Mama, mwizi akiingia mahali, huacha kitu. Huacha matope, uzi wa nguo, alama za vidole. Ukifagia, unafuta habari zake. Siku nyingine funga mlango, na pole zipokelewe nje."

Kisha akazunguka nyuma. Katikati ya kabichi palikuwa na alama ya kiatu, imezama vizuri kwenye udongo laini. Kilikuwa kiatu cha tairi, katambuga, na kisigino chake kilikuwa na kiraka. Danieli akakoroga unga mweupe wa plasta, ule wa kufungia mifupa iliyovunjika, akaumimina ndani ya alama. Ulipokauka akautoa. Ulikuwa na umbo la kiatu chenyewe. Katambuga za Mussa zilikuwa kubwa zaidi na hazina kiraka.

"Basi si yeye!" alisema Efrazia.

"Bado, mama. Viatu huazimwa. Alama moja haitoshi. Sasa niitieni mashahidi, mmoja mmoja."

"Lakini walikwisha sema wote," alisema Kristofa.

"Walisema pamoja, mzee. Watu wakisema pamoja, wanaazimana macho."

Akakaa na Secilia peke yao. "Dada, nieleze ulichokiona, tangu mwanzo. Mimi nasikiliza tu."

Secilia alieleza. Kulikuwa na ukungu. Mtu alikuwa mbali, amempa mgongo.

"Uso uliuona?"

"Hapana."

"Ulijuaje ni Mussa?"

"Balozi alipotaja jina, nikaanza kumwona ni yeye. Hata kofia niliiona baada ya kuulizwa."

Mzee Yohane naye, alipobanwa kidogo, alikiri kwamba alisikia tu kwa Secilia.

"Na Mussa mwenyewe alilala wapi usiku ule?" Danieli akamuuliza Kristofa.

"Hatukumuuliza hilo. Tulimuuliza ameificha wapi."

Mussa alilala zahanati, akimuuguza mjomba wake. Mwuguzi alithibitisha. Siku chache baadaye cherehani ilipatikana katika kijiji cha Mnazi, kwa mchuuzi wa mboga aliyezoea kupita kijijini. Kisigino cha katambuga yake kilikuwa na kiraka kile kile.

Mussa alipotolewa, Kristofa alikwenda kwa Mwanaidi kuomba radhi. Efrazia alifuatana naye. Mwanaidi aliwapa viti. Mussa ndiye aliyesema.

"Mzee, asubuhi ile koplo alipokuja, nilikuwa nimekwisha amua kukubali."

"Kukubali nini? Hukuiba."

"Nilichoka. Kila mtu aliniuliza swali lile lile. Nikaona nikisema ndiyo, wataniacha nilale."

Kristofa aliinamisha kichwa. Alilia mbele yao, mtu mzima yule, wala hakuficha.

Baadaye bomba la kunyunyizia dawa liliibwa katika ghala la kijiji. Efrazia alisimama mlangoni, akazuia kila aliyetaka kuingia. Wageni walikalishwa nje. Kristofa aliwauliza watu mmoja mmoja, bila kutaja jina la mtu.

Zamu ya Secilia ikafika.

"Umeona nini, mama?"

"Sikuona kitu, balozi."

Zamani angemsukuma kidogo, apate jina. Safari hii aliitikia kwa kichwa.

"Ahsante," alisema. "Hilo nalo ni jibu."