Njia ya Mkato ya Seremala

Tangu njia za mlimani zifunguliwe, nyumba ya fundi cherehani ilijaa furaha. Binti yake alikwenda shule kwa baiskeli bila kugusa barabara ya magari. Mumewe, seremala, alipanda mlima kila asubuhi na kurudi akihema na kucheka. Njia hizo ziliunganisha mji, msitu na ziwa. Wenye baiskeli, wenye watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wote walipita humo na kusalimiana kama wageni wa harusi moja.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mvua ikinyesha, maji ya matope yaliingia katika chumba cha kushonea. Mara ya mwisho yalilowesha gauni la bibi harusi. Fundi alilifua mpaka vidole vikamuuma, kisha ikabidi ashone upindo upya.

"Fundi, likilowa tena nalipeleka kwingine," alisema mama wa bibi harusi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

Mvua nyingine zilikuwa karibu. Fundi akaenda kwa mtunza njia, mwanamke aliyeajiriwa kuzitengeneza njia zile. Alifika amewaka kama moto wa kifuu.

"Dada, maji ya njia zenu yananifukuza nyumbani kwangu."

"Pole, dada yangu. Twende tukaangalie maji yanatoka wapi."

Nyuma ya nyumba waliona korongo dogo. Wakalifuata kupanda mlima. Halikutoka kwenye njia rasmi, ile yenye kona nyingi. Lilishuka moja kwa moja toka juu hadi mlangoni kwa fundi, na ndani yake kulikuwa na alama za viatu.

Fundi aliinama, akazitazama. Mkato ule aliujua. Mumewe ndiye aliyeufyeka kwa panga. "Nani azunguke kona zote hizi?" alisema siku ile. "Penye nia pana njia." Na fundi mwenyewe alikuwa akishukia hapohapo kila Jumapili.

"Kwani njia yenu inapindapinda ya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inapinda makusudi," mtunza njia alisema. "Maji yakishuka moja kwa moja hupata kasi, na yakipata kasi hubeba udongo. Kona huyapunguza mwendo. Hapa miguu imeua nyasi, udongo umebaki mtupu. Mmeyachimbia maji mfereji mpaka kwenu."

Aibu ilimshika fundi, kisha kicheko. "Na mimi nilikuja kukugombeza."

"Ulikuja kunigombeza, umenisaidia kuuona mkato."

Jioni, fundi alipomweleza mumewe, seremala alibisha. "Miguu yangu hii ichimbe korongo?"

"Si yako peke yako, mume wangu. Watu wakiona upenyo hawaulizi nani kaufungua."

Seremala alikuna kichwa. Kisha akaenda kutafuta jembe.

Kesho yake walipanda wote. Mtunza njia aliwaonyesha namna ya kulaza magogo kwa mshazari, ili maji yageukie kwenye nyasi. Wakatandaza matawi na majani makavu, wakapanda nyasi. Seremala akachonga kibao: "Tafadhali fuata njia. Hapa nyasi zinaota." Wapita njia wawili walishuka kwenye baiskeli zao, wakasaidia kubeba magogo.

Mvua ilipokuja haikuwa ya mchezo. Fundi aliacha cherehani, akakimbilia mlango wa nyuma. Seremala alikuwa nje tayari, amelowa chapachapa.

"Njoo uone, mke wangu. Njoo haraka."

Maji yalifika kwenye gogo la kwanza, yakageuka, yakatawanyika kwenye nyasi. Machache yalivuka. Gogo la pili likayapeleka kando. Fundi alirukaruka kwenye mvua kama msichana, na binti yake akaruka naye. Mlangoni hapakufika hata tope.

Siku ya kujaribu gauni, mama wa bibi harusi alisimama kizingitini. Fundi alikuwa amelitandaza gauni lote chini, na mkia wake mrefu.

"Sakafuni, fundi?"

"Sakafuni, mama. Shika uone."

Yule mama aliinama, akapapasa sakafu kwa kiganja, kikatoka kikavu. Kisha akavua viatu, akaingia.